Mfuko Namba Saba

Machi 6, 1989

Kaka yangu, Profesa wa Matope,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio na halijakosea hata mara moja. Anakusalimu na anauliza kama wifi amepona kikohozi. Shemeji yako amepata kazi ya madawati ya shule, anapiga randa kutwa nzima, na maranda yake tunayakuta mpaka kwenye kopo la sukari.

Mzigo wako nimempa kondakta wa basi la Jumatatu. Ni mifuko minane kama ulivyoagiza, yote kutoka soko letu isipokuwa miwili ya mwisho. Orodha nimeipiga taipu ili usije ukasingizia mwandiko wangu: mchicha, nyanya, unga wa mahindi, maharage, viazi, karanga, udongo wa kula, na wa nane ni udongo wa bustani ya Mama. Muuza mboga aliniuliza kama nafungua hoteli. Huo wa saba ni vile vijiti vya udongo anavyouza Mama Udongo kwenye ngazi za maktaba. Sijui unaupimia nini. Umeliwa tangu enzi za bibi zetu na sijasikia aliyelalamika.

Kazini wametuletea utafiti wa ubora wa huduma. Wasomaji wanajaza fomu na kutupa alama, moja hadi tano: mwanga, viti, ukimya, lugha ya watumishi, kasi ya kutoa vitabu vipya. Kwenye ukimya sina wasiwasi, si bure ulinibatiza Bi Kimya tangu tukiwa wadogo. Hayo mengine tutaona.

Msalimie wifi.

Mdogo wako


Machi 6 (haikutumwa)

Kaka,

Ile barua ya leo nimeshaifunga. Hii naiandika ili nipate kumwambia mtu, kisha nitaiweka kwenye droo ya mwisho ya kabati la kadi, ambayo hakuna anayeifungua.

Nina mimba ya miezi miwili. Anayejua ni shemeji yako na nesi, basi. Hata Mama sijamwambia. Ya kwanza nilikuandikia siku ileile niliyoambiwa, na ya pili pia, ukatuma shuka za mtoto, na mara zote mbili zilifika mtoto hayupo tena. Najua barua haiui mtu. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi naona unyasi kila ninapokanyaga. Nikienda chooni naogopa kutazama. Safari hii sitamwambia yeyote mpaka nimshike mkononi.

Kinachokaa tumboni bila kurudi ni udongo wa Mama Udongo peke yake. Vijiti vitatu kwa siku, siku nyingine vinne. Naulia kwenye chumba cha nyuma, kati ya vitabu visivyopigwa muhuri, natafuna taratibu wasomaji wasinisikie. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini.


Aprili 11, 1989

Mdogo wangu Bi Kimya,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki mbili na nusu kwa sababu daraja la huku lilikatika, na hii nayo sijui itafika lini. Wifi yako amepona kikohozi, yaani amenirithisha mimi. Mwambie Mama nitakuja mvua zikiisha, na goti lake linijulishe.

Sampuli zako nimezikausha, nimezisaga, nimezichemsha kwa asidi na kuzipitisha kwenye mashine. Mfuko mmoja umenitia hofu. Una madini ya risasi, kwa kiasi ambacho mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Nikarudia, na mara ya tatu nikamwita mwenzangu apime yeye. Jibu ni lilelile.

Siwezi kukuambia ni mfuko upi. Wala siwezi kukutajia iliyo salama, maana ukiijua saba umeujua na wa nane. Usinune, nisikilize kwanza. Unamkumbuka yule mama wa kinu cha unga, miaka minne iliyopita? Aliyesema ni mimi. Nilimnong'oneza rafiki mmoja tu kwamba unga wake una sumu, kabla ripoti haijatiwa sahihi, na watu wakakivunja kinu chake mchana kweupe. Baadaye nikagundua kwamba uchafu ulikuwa kwenye chupa yangu, sikuiosha vizuri. Unga wake haukuwa na kitu. Mpaka leo yule mama anafulia watu nguo, na nikimwona barabarani navuka upande wa pili.

Ndiyo maana nimeapa, na mkurugenzi ameniandikia kabisa: hakuna jibu linalotoka hapa bila sahihi yake. Atatia sahihi mwezi wa tano na ripoti itatumwa kwenye maktaba zote. Itakufikia wewe kabla ya mtu mwingine.

Ila nijibu jambo moja. Hapo nyumbani kuna mwenye mimba, au mtoto mdogo? Hao ndio huumia zaidi, na aliye tumboni kuliko wote, kwa sababu risasi huingia kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Nijibu ndiyo au hapana, nami nitajua la kufanya.

Kaka yako


Mei 2, 1989

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo ila amenuna, na sababu ni wewe. Shemeji yako anakusalimu, naye hana raha.

Jibu la swali lako ni hapana.

Lakini umetuacha pabaya. Umetuambia kuna nyoka ndani ya nyumba halafu ukakataa kusema yuko chumba gani. Nimekuwa mtu wa kuogopa sahani. Mchicha nimeutupa, nyanya nimezitupa, unga wote nimewapa kuku, kisha nikawaogopa na kuku wenyewe. Maharage sigusi. Bustani ya Mama nimeing'oa kwa jembe, ndiyo maana amenuna. Nakula mkate na chai, na vitu vidogo vidogo visivyo na neno. Nimekonda, watu wanauliza.

Majibu ya fomu zetu yametoka. Ukimya nne na nukta tisa. Lugha ya watumishi nne na nukta mbili. Kasi ya vitabu vipya, moja na nukta tatu. Msomaji mmoja ameandika, "Nyuma ya mlango ule mnatotoa vitabu au mnavizika?" Nimekasirika siku mbili. Tangu ile atlasi mpya iibwe kabla haijaandikishwa, niliweka kanuni: kitabu au ripoti haitoki chumba cha nyuma, wala haifunguliwi na mtu, mimi nikiwemo, mpaka ipigwe muhuri, ipewe namba na kadi yake ichapwe. Sasa utepe wa mashine ya taipu umekwisha tangu katikati ya Machi na makao makuu hawajaleta. Hilo nalo ni kosa langu? Kanuni ukiivunja mara moja imekufa.

Nawe unaijua kanuni, kwa hiyo labda sina haki ya kukuomba. Bado nakuomba. Niambie herufi moja tu ya kwanza ya hicho kitu.

Mdogo wako


Mei 29, 1989

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa njaa. Sisi wazima. Wifi yako amepewa darasa la kwanza, watoto sabini na wawili, anarudi hana sauti.

Habari njema ni kwamba mkurugenzi ametia sahihi. Ripoti zimetumwa tarehe kumi na tisa, nakala tatu kwa kila maktaba. Kufikia barua hii utakuwa umeshaisoma, kwa hiyo sina haja ya kurudia hapa. Fungua ukurasa wa kumi na nne, jedwali ni la kwangu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nakiri nina fahari nalo.

Rudini kwenye mboga na maharage, wala msichelewe. Nani alikuambia uache? Mwili uliopungukiwa na madini ya chuma huidaka risasi kwa pupa. Kila nilipoiwaza hiyo chai yako na mkate nilishtuka, kisha nikalikumbuka lile neno lako, hapana, nikashusha pumzi. Umenitua mzigo, mdogo wangu. Hujui nilivyoliogopa jibu lako.

Kaka yako


Juni 21, 1989

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, shemeji yako mzima. Mimi sijui.

Barua yako imefika jana saa nne asubuhi. Nikaenda chumba cha nyuma. Ripoti zako zilikuwemo, kwenye bahasha ya kaki, kamba haijafunguliwa. Juu yake kuna muhuri wa kupokelewa niliopiga kwa mkono wangu: Mei 26. Siku ishirini na tano, kaka. Pale ndipo ninapokaa kula. Kiwiko changu kilikuwa kinaegemea ile bahasha.

Bwana shamba alikuja mara tatu kuiulizia. Mara zote nilimjibu kwa ile lugha yetu ya alama nne na nukta mbili kwamba inashughulikiwa. Mara ya tatu aliniambia, "Dada, nipe niisomee hapahapa mbele yako, dakika kumi tu." Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Nimesoma ukurasa wa kumi na nne. Mfuko namba saba. Udongo wa kula, machimbo ya kilimani, nyuma ya karakana ya zamani walipokuwa wakivunja betri za magari.

Nilikuandikia hapana. Jibu ni ndiyo. Ni mimi, na mimba inakaribia miezi sita. Nimekula udongo ule tangu Februari mpaka jana asubuhi. Na uliponitisha nikaacha mboga, njaa ikanizidi, nikaongeza udongo kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokiamini. Nilijiambia unatoka chini ardhini, hakuna mkono wa mtu ulioupaka dawa. Nilifika vijiti vinane kwa siku.

Anacheza tumboni. Mwezi uliopita akicheza nilikuwa nacheka peke yangu kaunta. Sasa akicheza naogopa kwamba anatetemeka. Akitulia naogopa zaidi. Niambie la kufanya, na unifokee baadaye.

Mdogo wako


Julai 3, 1989

Mdogo wangu,

Simu yangu ya maandishi natumaini imetangulia. Kama haijafika, ilisema hivi: acha udongo, kula mboga, maharage na maziwa, nenda kwa nesi leo. Fanya hivyo kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Nimekasirika, nikalia, kisha nikakasirika tena. Wifi yako aliniondolea kalamu mkononi kwa sababu nilikuwa nakuandikia maneno ya ajabu. Nilitaka kuandika kwamba ungesema ndiyo, ningekutajia ule mfuko siku ileile, sahihi au hapana. Kisha nikajiuliza kama ni kweli. Sijui. Huenda ningemwendea mkurugenzi na kusimama mlangoni nikingoja amalize chai yake. Na mwezi wa tano, kanuni ilipokwisha kuniachia, ningeweza kuandika neno moja tu, udongo, lakini nikaona afadhali ukasome jedwali langu. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Na wewe ulinificha mtoto. Nimejaribu kukulaumu kwa hilo, nikazikumbuka zile shuka, nikashindwa.

Mwambie nesi akutoe damu, chupa mbili ndogo, azifunge kwenye pamba na barafu. Kondakta nimeshaongea naye, atazileta mwenyewe mpaka mlango wa maabara. Nitapima kwa mikono yangu. Vyombo nimeviosha mara nne na bado naviangalia.

Kaka yako


Julai 15, 1989

Kaka yangu,

Shikamoo. Damu imeondoka na basi la asubuhi. Nesi alipotoa sindano alinitazama akasema, "Mficha uchi hazai, mama." Alisema kwa upole, ila niliona amekasirika. Hata yeye nilikuwa sijamwambia habari ya udongo.

Mama nimemwambia. Nilijiandaa kwa kelele, yeye akakaa chini na lile goti lake, akaniwekea mkono tumboni, akaukalisha hapo mpaka chai ikapoa.

Nilimwogopea Mama Udongo. Nilikumbuka kinu. Kwa hiyo kabla ya kubandika chochote nilimwita ndani, nikamkalisha kwenye kiti cha wasomaji, nikamsomea ule ukurasa polepole. Hakubisha. Akaniuliza, "Na mimi ninayeula tangu msichana?" Kisha akaanza kuwahesabu kwa vidole wateja wake wenye mimba. Mkono wa kwanza ukajaa, na wa pili ukajaa, akaishiwa vidole, akafunika uso kwa kanga.

Siku iliyofuata aliumwaga udongo wote mtaroni mwenyewe, akakaa palepale kwenye ngazi na kapu tupu, akimwita kila mama anayemjua aje aambiwe. Hakuna aliyemgusa. Nadhani ni kwa sababu alisema yeye kabla hajasemwa. Ripoti nimeibandika mlangoni bila namba, bila kadi, na bwana shamba anawasomea watu kwa sauti, ndani ya maktaba, na mimi simnyamazishi. Wanawake sita wameshakwenda kwa nesi. Waliobaki hatujui wanakaa wapi.

Nakula mboga mpaka nimechoka. Nangoja.

Mdogo wako


Julai 30, 1989

Mdogo wangu,

Nimepima mara tatu, na mwenzangu mara moja bila kujua ni damu ya nani. Mkurugenzi yuko safarini mpaka Ijumaa. Sikumngoja.

Ni thelathini na nane. Nakuandikia namba kwa sababu nimechoka kukuficha namba. Ni kubwa. Daktari wa hapa angependa iwe chini ya kumi. Kwako wewe haitaleta kifo, na kwa kuwa umeacha itashuka, taratibu. Kilichopita kwenda kwa mtoto kimepita, na hakuna mashine yangu yoyote inayoweza kukifuata huko kwenda kusoma kimefanya nini. Huenda ni kidogo. Huenda si kidogo. Wapo waliozaliwa na namba kama hiyo wakasoma na kuajiriwa, wapo ambao mambo yaliwawia magumu.

Nikikuambia usiogope nitakuwa nakudanganya. Mimi mwenyewe naogopa, na nina shahada mbili za udongo. Kila mwezi nitumie damu. Nitakuja mtoto akikaribia, daraja liwepo lisiwepo.

Kaka yako


Februari 18, 1990

Kaka yangu,

Shikamoo. Tangu uondoke Mama anasema nyumba imekuwa kubwa. Shemeji yako amemaliza kitanda cha mtoto, amekipiga msasa mara nyingi hata mbao zimekuwa nyembamba, na amekataa kukipaka rangi mpaka umpimie hiyo rangi. Kopo linakuja na basi la Jumatatu, pamoja na damu yetu sote wawili. Mama Udongo sasa anauza ndizi. Namba ya damu yake nayo ilikuwa juu kuliko yangu, lakini hilo unalijua.

Mpwa wako ana miezi minne na nusu. Hajapata mwili bado, ila ananyonya vizuri na vidole vyake vina nguvu, akikushika kitambaa cha kichwa mpaka uombe msaada. Namba zake zinashuka kama ulivyosema. Nazibandika ukutani, moja chini ya nyingine, na kila anayeingia anatusifia. Nasema asante.

Nilimuuliza daktari wa watoto ni lini tutajua. Akasema tutamtazama akianza kukaa, akianza kutambaa, akianza kusema, akienda shule. Nikamuuliza, baada ya shule? Akafunga faili, akasema nimlete mwezi ujao.

Sasa nikuambie ninachofanya, maana shemeji yako hajui. Kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, namlaza mkekani, nasimama nyuma yake, kwanza upande wa kushoto, kisha wa kulia, namwita jina lake kwa sauti ya kawaida, si ya kumshtua. Naangalia kama atageuza kichwa. Naandika kwenye daftari. Jumatatu aligeuka mara mbili. Jana sikupata hata moja. Nilifika kazini nikapiga muhuri vitabu vya watu juu chini mpaka wakanirudisha nyumbani.

Leo nimemwita mara tano. Ya tano akageuka, akanitazama machoni, akatabasamu. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa unatikisa pazia upande huohuo. Sijui kama aliniitikia mimi au alifuata pazia. Nimelifunga dirisha. Kesho nitamwita tena.

Mdogo wako